Safu ya Nne

Lulu hakusalimu. Kwa mwanamke ambaye hata akija kuomba chumvi huanza na habari za watoto, za mashamba na za mgonjwa wa jirani, hilo peke yake lilitosha kumfanya Saumu aweke kikombe chini.

"Wifi, kaka yako ameteremka Kwemhina," alisema Lulu kwenye simu. "Amepata meseji yenu, akachukua spana na kamba, akaenda kufungua mashine yake ya maji isije ikafukiwa. Nampigia, hapatikani."

Saumu aliuliza meseji gani. Lulu akasema ile ya mradi wao, inayosema udongo wa Kwemhina umeshiba maji na watu wahame mara moja. Iliingia baada ya adhuhuri. Sharifu aliisoma mara mbili, akasema kama mdogo wake amemwonya basi jambo lina ukweli, akatoka.

Saumu alimwambia wifi yake kwamba atampigia baadaye, akakata. Alikuwa mjini Lushoto, katika chumba cha ghorofani juu ya duka la mbegu, ambako mradi wao ulipanga ofisi. Nje mvua ya masika ilikuwa haijapumua tangu juzi. Barabara ya kushukia Soni ilikuwa imekatika, na daraja la njia ya kwenda kwao Kilimani lilikuwa limezamishwa na mto. Umeme haukuwapo. Na kaka yake hakupaswa kabisa kupata meseji ile.

Mradi ulikuwa na kazi moja: kuwaonya watu wa milimani kabla ya mlima kuwashukia. Vipima mvua vilifungwa kwenye mapaa ya shule na zahanati. Maji yakizidi kipimo mahali fulani, programu iliyokaa kwenye kompyuta kubwa Dar es Salaam ilitafuta watu wanaolala mahali hapo na kuwatumia meseji, kisha ikarudia tena na tena mpaka mvua ipungue. Programu hiyo iliandikwa na Dula, fundi wa huko huko Dar. Jedwali la watu lilikuwa mikononi mwa Saumu. Kila kaya ilikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na safu zake: namba ya kaya, jina, simu, mahali anapolala, mahali anapolima.

Safu hizo mbili za mwisho zilihitajika zote, kwa kuwa Usambara mtu hulala pengine akalima pengine. Watu wa Kilimani, walikozaliwa Saumu na Sharifu, nyumba zao zilikuwa juu mgongoni, penye mwamba, ila kabichi na nyanya zao zilikuwa chini Kwemhina, penye mto. Watu wa Kwemhina nao walilala bondeni, chini ya ukingo wa udongo mwekundu, na viazi vyao wakavipanda juu. Asubuhi walipishana njiani, hawa wakishuka, wale wakipanda.

Saumu alifungua kompyuta yake ndogo, akaiunganisha na simu ili apate mtandao, akatazama waliotumiwa meseji mchana ule. Jina la Sharifu lilikuwapo. Lilifuatiwa na majirani wote wa Kilimani, watu ambao nyumba zao hata gharika isingezifikia. Akamtafuta Mzee Mbaraka, mwenyekiti wa kitongoji cha Kwemhina. Hayupo. Akamtafuta Bi Hadija, ambaye jiko lake limeegemea ule ukingo mwekundu. Hayupo.

Alijua kabla hajatafuta zaidi.

Mwanzoni mwa mwaka, Bwana Yonathani, mkurugenzi wa mradi, alikuwa anatarajia wageni wa tathmini. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mwenye kupenda mambo yakae vizuri machoni. Aliona kwamba wageni wale kilichowaleta ni habari za ardhi, akamwambia Saumu aweke safu ya shamba mbele ya safu ya makazi, ili ndiyo ionekane kwanza. Lilikuwa ombi dogo. Katika kanzidata ile huwezi kuivuta safu kama unavyovuta kiti ukaiweka mbele ya mwenzake, kwa hiyo Saumu aliunda jedwali jipya lenye mpangilio ule mpya, akamimina ndani yake watu wote wa jedwali la zamani, kisha jipya akalipa jina la lile la kwanza. Alihakiki. Kila neno lilikuwa chini ya jina lake. Chuoni walifundishwa kwamba mpangilio wa safu si kitu, kwani safu huitwa kwa jina, haiulizwi imekaa wapi. Wakafanya na jaribio, wakatuma meseji kitongoji kimoja karibu na Irente ambako watu wanalala na kulima palepale. Wote wakapata. Wakanywa chai.

Dula hakuita safu kwa majina. Programu yake ilisema tu lete zote, kisha ikaishika ya nne, kwa sababu siku alipoiandika ya nne ilikuwa mahali mtu anapolala. Sasa ya nne ilikuwa mahali anapolima. Programu haikujua tofauti. Iliendelea kufanya kazi yake kwa bidii, ikiwaamsha waliolala salama na kuwaacha walio chini ya udongo.

Mwenzake wa ofisini, Mwamvita, aliyekuwa akifuatilia vipima mvua, alimgeukia Saumu akamuuliza kulikoni. Saumu akamweleza kwa maneno machache. Mwamvita hakupoteza muda kumlaumu mtu. Alitaka namba za watu wa Kwemhina, akaanza kupiga. Mzee Mbaraka hapatikani. Wa pili hapatikani. Mnara wa bonde lile ukilemewa na mvua simu haziunganiki, ila meseji hupenya zikiachiwa muda. Akaanza basi kuandika meseji kwa simu yake, mtu mmoja mmoja.

"Hii itanichukua mpaka jioni," alisema. "Na tazama kipimo cha upande wa Vuga. Nacho kinapanda."

Hapo ndipo Saumu alipouona ukubwa wa jambo. Halikuwa la Kwemhina tu. Kila bonde la milima yote ile lililokuwa ndani ya jedwali lake lilikuwa limegeuzwa, na kila kipimo kitakachofika mwisho kitapeleka onyo kwa wasiohusika.

Alimpigia Dula. Simu iliita mpaka ikachoka. Ilikuwa Jumamosi, na Mwamvita alikumbuka kwamba Dula alikuwa anamwoza dada yake. Akapiga tena, akatuma na meseji, kimya. Ndipo akampigia Bwana Yonathani, aliyekuwa amekwama Mombo, chini ya barabara iliyokatika.

"Shikamoo bosi," alisema, kisha akaeleza yote bila kupumzika.

Yonathani alijibu kwa sauti ya mtu anayechagua maneno. Alimkumbusha ya mwaka uliopita, mtu mmoja wa mradi alipogusa jedwali mvua ikinyesha, na onyo likaenda wilaya nzima. Mama mmoja alivunjika nyonga akikimbia onyo la uongo, na kwa miezi watu walizifuta meseji zao bila kuzisoma. Wakikosea mara ya pili, alisema, hakuna atakayewasikiliza tena, na hapo ndipo watakufa wengi.

"Msubiri Dula," alisema. "Mpigie mpaka apokee. Mwenyewe usiguse kitu, Saumu. Nakuambia kama mkubwa wako."

"Wanalala chini ya ule ukingo, bosi."

"Najua wanapolala. Usiguse."

Simu ikakatika, na Saumu hakujua kama ni mtandao au ni yeye.

Alisimama akaenda dirishani. Ukungu ulikuwa umeupandia mji, haoni hata paa la soko. Alifikiri kutoka kwa miguu. Njia ya Kilimani haipitiki. Ya kuzungukia msituni ingemfikisha kesho. Angeweza kupiga kelele hapo dirishani mpaka sauti ikauke, na asingesikika hata kituo cha mabasi. Kilichobaki mikononi mwake ni ile kompyuta, na betri yake ilikuwa imeshashuka chini ya nusu. Alirudi akakaa.

Jambo la kwanza alilojaribu lilikuwa kulirudisha jedwali la zamani. Bado alikuwa nalo, limewekwa kando kwa jina jingine, safu zake zikiwa katika mpangilio wa awali. Angebadilisha majina tu, la zamani likae mahali pa jipya. Aliandika amri, akaituma. Kompyuta haikujibu. Haikukataa wala haikukubali; alama ndogo ya kuandikia iliwakawaka mahali pamoja, ikazima, ikawaka.

Alisubiri. Kisha akaelewa. Programu ya Dula ilikuwa kazini, imelishika jedwali, na maadamu imelishika hakuna awezaye kulibadilisha umbo wala jina. Amri yake ilikuwa imesimama kwenye foleni nyuma ya programu, na programu haitaliachia jedwali mpaka mvua ipungue. Ruhusa ya kuizima alikuwa nayo Dula peke yake. Saumu alicheka kidogo, cheko la mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Mwamvita aliinua uso, akamtazama, akarudi kwenye simu yake.

Wakati huohuo Lulu alipiga tena. Sharifu bado. Mama yao alikuwa ameketi mlangoni anasoma uradi na hataki kuingia ndani. Lulu aliuliza, kwa sauti ya chini sana, kama meseji ile ilikuwa ya kumjia Sharifu kweli.

"Sijui niseme nini, wifi," Saumu alijibu. "Niache kidogo."

Aliiondoa amri yake kwenye foleni. Akafikiri tena, safari hii polepole. Umbo la jedwali halibadiliki. Majina ya safu hayabadiliki. Lakini yaliyomo ndani ya safu hubadilika kila siku. Mtu akihama, mtu akibadili simu, yeye huandika tu, na programu haijawahi kumzuia. Kama safu haziwezi kuhama, basi yaliyomo ndiyo yahame. Angechukua kila mahali pa kulala akapaweka kwenye safu ya nne, na kila mahali pa kulima akapaweka kwenye ya tano. Majina juu yake yatakuwa ya uongo. Safu iliyoandikwa "anapolima" itakuwa na mahali mtu anapolala. Yeyote atakayelisoma jedwali lile kwa majina, kama chuo kilivyofundisha, atapotoka. Ramani ya mashamba wanayoonyeshwa wageni itageuka juu chini. Na kila kitu kitakuwa kimefanywa na yeye, peke yake, baada ya kuambiwa asiguse.

Amri yenyewe ilikuwa mstari mmoja tu. Aliusoma kwa sauti ili Mwamvita ausikie na amkosoe kama kuna kosa. Mwamvita alisikiliza, akaomba arudie, akasema haoni kosa.

"Bosi amekataza," Saumu alisema.

"Nimesikia," alisema Mwamvita. "Na mimi nipo hapa."

Saumu akabonyeza.

Kompyuta ilijibu papo hapo kwamba mistari yote imebadilishwa. Wakakaa wakitazama. Programu ya Dula ilimaliza mzunguko wake, ikarudi kwenye jedwali, ikasema lete zote, ikashika ya nne. Majina yakaanza kuteremka kwenye kioo: Mbaraka, Hadija, Timotheo, Vumilia, na wengine wa Kwemhina, nyumba hadi nyumba. Mwamvita aliweka simu yake mezani, akafunika uso kwa viganja. Saumu hakufurahi. Alikuwa anatazama saa ya kompyuta na kufikiria umbali uliopo kati ya jiko la Bi Hadija na ule ukingo.

Yaliyotokea bondeni aliyasikia baadaye, vipande vipande, kutoka kwa wengi. Meseji ziliwafikia watu wakiwa ndani, wameota moto. Mzee Mbaraka hakungoja mtu ajadili. Alitoka na filimbi ya mikutano akapita mlango hadi mlango. Wengine walibisha kwamba mvua hii wameshaiona, lakini ukingo ulikuwa tayari umeanza kudondosha mawe madogo kwenye mabati, na hilo likawaelewesha zaidi ya filimbi. Walishika njia ya mtoni kwa kuwa ile ya juu ilikuwa inateleza. Hapo karibu na mashamba Bi Hadija alisikia mtu anaita. Kibanda cha mashine ya maji kilikuwa kimesukumwa na tope, ukuta umelala, na chini ya ukuta alikuwamo Sharifu, mguu mmoja umebanwa na mashine yenyewe aliyokuwa amekuja kuiokoa. Wanaume walichimba kwa majembe na mikono, mlima ukiwa juu yao. Walimtoa. Walikuwa wamekwisha kuupanda mwinuko wa ng'ambo, wanambeba kwa mgolole, wakati ukingo mwekundu ulipoachia. Bi Hadija alisema haukupiga kishindo. Alisema ulikwenda kama uji unaomwagwa, na ulipotulia hapakuwa na paa hata moja la kulitambua.

Mzee Mbaraka ndiye aliyepiga simu ofisini, alipofika juu penye mtandao. Saumu alimwamkia, akapokea marahaba ya mtu aliyechoka.

"Watu wangu wametimia," alisema mzee. "Nyumba hakuna. Kaka yako tunaye, yu hai, lakini mguu ni mbaya. Tunampeleka hospitali kwa njia ya msitu." Kisha akaongeza, "Mungu akulipe, mwanangu, kwa ile meseji."

Mwamvita ndiye aliyechukua simu na kumshukuru mzee.

Saumu hakumwona kaka yake mpaka mto ulipopungua na njia ikapitika. Alimkuta wodini, uso umemshuka, blanketi limelala bapa mahali ambapo mguu wa kushoto ulipaswa kuwa, chini ya goti. Lulu alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda. Aliitikia salamu ya Saumu bila kuinua macho.

Saumu alikuwa amejipangia maneno njia nzima. Aliyasema yote hapohapo, kwa Kishambaa, bila kupamba: kwamba meseji ile haikumhusu Sharifu, kwamba walibadilisha mpangilio wa safu ili wageni wapendezwe, na kwamba ni mkono wake uliobadilisha.

Sharifu alisikiliza huku akitazama dari. Saumu alipomaliza, kaka mtu akauliza, "Kwemhina imekwenda au haikwenda?"

"Imekwenda."

"Basi ilisema kweli. Iliniambia nihame, mimi nikateremka. Hakuna aliyeniandikia niteremke." Alifumba macho. "Usinitafutie mtu wa kumlaumu, Saumu. Nimechoka."

Lilikuwa neno la upendo. Angemtukana, angejua pa kuanzia. Watu wa Kwemhina nao, waliokuwa wamehifadhiwa shuleni, walimpelekea ofisini mkungu wa ndizi na peasi kwenye kikapu. Kila alipotaka kuwaeleza walimwambia mambo ya kompyuta hawayajui, wao wanajua walitumiwa meseji wakatoka. Kila alikogeuka alikuta shukrani imesimama mlangoni.

Bwana Yonathani alifika barabara ilipofunguliwa. Saumu alimsubiri amfukuze kazi. Hakumfukuza. Alikaa, akauliza kuhusu Sharifu, akakiri kwamba ombi la kugeuza safu lilikuwa lake, na kwamba ataliandika hivyo. Kisha akasema kwa kuwa sasa meseji zinakwenda kunakostahili, jedwali liachwe kama lilivyo mpaka masika yaishe. Saumu akakataa. Alisema jedwali lenye majina ya uongo ni shimo lililofunikwa majani. Siku moja mtu ataandikisha kaya mpya, ataweka makazi chini ya jina "anapolala", na mtu huyo hataonywa. Walibishana kwa heshima mpaka Yonathani akakubali. Dula akaitwa. Aliisahihisha programu yake iite safu kwa majina, kazi ya muda mfupi kuliko kunywa chai, na asubuhi moja isiyo na mvua wakaizima, Saumu akarudisha kila neno chini ya jina lake, wakaiwasha. Mwamvita akazipigia kaya moja moja kuuliza mnalala wapi, mnalima wapi, mpaka sauti ikamkauka.

Hapo Saumu alidhani atapumua, lakini hakupumua. Kila mvua ilipoanza kugonga mabati alijikuta yuko mbele ya kioo, anatazama majina yanavyoteremka, akiyasoma moja moja. Aliwahi kufikiria kuomba kazi Tanga, kwenye tambarare, mahali mvua ikinyesha ni mvua tu. Hakuomba.

Lulu alikuja ofisini siku ya soko, amebeba tenga tupu. Safari hii alisalimu, akauliza habari za kazi, za afya, za Mwamvita. Sharifu alikuwa anatembelea magongo. Alikuwa anasema mto umeacha udongo mzuri Kwemhina, na kwamba mwakani atashuka tena.

"Mtoe kwenye hiyo kompyuta yenu," alisema Lulu. "Sitaki apate meseji tena. Akiipata atashuka. Namjua."

Saumu alifungua mstari wa kaka yake.

"Siwezi kumtoa, wifi. Maadamu analala Kilimani, za Kwemhina hazimjii tena. Mwakani akianza kulala kule bandani wakati wa mavuno, nani atamwambia?"

Lulu alivuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza. Nje mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Magamba.

"Naweza kuondoa namba yake nikaweka yako," alisema Saumu. "Meseji ije kwako wewe. Wewe ndiye utakayeamua umwambie nini."

Lulu aliliweka tenga chini. Halafu akatoa simu kwenye kanga, kwa kuwa namba yake mwenyewe hakuwa ameishika kichwani, akaanza kuisoma polepole, na Saumu akawa anaandika.